Ugonjwa Unaoanzia Kwenye Ngozi Ukahamia Ndani: Tiba ya Kichina Inaona Nini, na Nini Kinaipita

Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba ya Kichina kilichokusanywa takriban miaka 2000 iliyopita, kina sura nzima ya ugonjwa uitwao bi. Ndani ya sura hiyo yumo mgonjwa mmoja aliyeelezwa kwa maneno machache sana: tumbo humjaa, matako yake hushika nafasi ya visigino, na uti wa mgongo hushika nafasi ya kichwa. Basi. Mtu ameinama mpaka mgongo ndio ulio juu kabisa, miguu imekataa kumbeba, anajikokota kwa makalio. Aliyewahi kumwona mgonjwa ambaye pingili za mgongo zimeshikana moja baada ya nyingine hadi akakakamaa akiwa amepinda, atajua kwamba mwandishi wa maneno yale hakuwa anabuni. Alimwona mtu huyo.

Kisha akauweka ugonjwa wake chini ya figo. Hapo msomaji wa leo hukunja uso: figo na mgongo wapi na wapi? Lakini kabla ya kucheka, inafaa tuifuate hesabu yao mpaka mwisho, maana ndiyo hiyo hiyo inayotumika leo katika hospitali za Beijing na Shanghai kwa wagonjwa wa lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), skleroderma (ngozi kukakamaa) na baridi yabisi, kundi ambalo madaktari huliita magonjwa ya tishu unganishi, yaani zile zinazoushikilia mwili pamoja. Ndiyo pia inayouzwa, ikiwa imekatwa kichwa na miguu, katika maduka ya dawa za Kichina ya miji yetu.

Bi maana yake ni kuziba, kukwama. Sura ile inafungua kwa kusema kwamba upepo, baridi na unyevu vikija pamoja vikachanganyika, ndipo bi hutokea. Upepo ukizidi, maumivu hutangatanga: leo goti, kesho kiwiko. Baridi ikizidi, maumivu ni makali. Unyevu ukizidi, kiungo huwa kizito na maumivu hung'ang'ania palepale. Wauzaji wengi husimama hapa, na mteja hutoka dukani akiambiwa ana "upepo kwenye viungo", jambo ambalo hata bibi yake angemwambia bure.

Sura yenyewe haikusimama hapo. Inaendelea kugawa bi kwa tabaka za mwili: kuna ya ngozi, ya nyama, ya mishipa ya damu, ya kano na ya mifupa. Kila tabaka lina kiungo chake cha ndani. Ngozi ni ya mapafu, nyama ya wengu, mishipa ya moyo, kano za ini, mifupa ya figo. Ugonjwa ukikaa muda mrefu bila kuondoka, na mwili ukapigwa tena na hali ile ile, huacha tabaka la nje ukaingia kwenye kiungo husika. Bi ikifika mapafuni, kifua hujaa, mtu hutweta na kutapika. Ikifika moyoni, moyo hudunda, pumzi hupanda ghafla na koo hukauka.

Sasa mchukue mgonjwa wa skleroderma. Inaanza vidoleni. Kukiwa na baridi kidogo vidole hupauka, halafu hugeuka bluu, halafu hurudi na damu kwa maumivu. Miezi inapita, ngozi ya mikono inakuwa ngumu na inavutika, pete haitoki, ngumi haifungi, mdomo unakuwa mdogo hata kijiko kinaingia kwa taabu. Mtu anahangaika na ngozi, anapaka mafuta, anabadilisha sabuni. Kinachomuua mara nyingi si ngozi hiyo, ni mapafu: ama yamejaa makovu, ama mishipa yake ya damu imebana. Madaktari wa Kichina wa leo huuita ugonjwa huu bi ya ngozi, na ukisoma sura ile unaelewa kwa nini hawakuona haja ya kutafuta jina jipya.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kuhusu mwenendo wa magonjwa haya, wazee wale waliona mbali kuliko wengi tunavyodhani: walijua kwamba ugonjwa wa viungo unaweza kuwa ugonjwa wa mtu mzima, na kwamba wa nje una njia ya kuingia ndani. Lakini mbinu yao inasoma kile ambacho mwili umekwisha kionyesha au mgonjwa amekwisha kihisi. Na haya ni magonjwa ambayo uharibifu wake mbaya zaidi hufanyika kimyakimya. Ukitenganisha mambo hayo mawili, mjadala wa "Kichina au hospitali" unabaki hauna maana kubwa, na Wachina wenyewe walishauacha zamani.

Tusiwapendelee wa upande wa pili, wa hospitali, pia. Kundi hili la magonjwa lilipata umbo lake la kisasa mwaka 1942 tu, pale Paul Klemperer na wenzake wa Mount Sinai Hospital, New York, walipoangalia kwa hadubini tishu za wagonjwa wa lupasi na skleroderma wakaona mabadiliko yanayofanana katika kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia mwili. Wakaandika kuhusu magonjwa ya kolajeni. Baadaye ikaonekana kwamba katika mengi ya magonjwa hayo kolajeni yenyewe haina kosa; mfumo wa kinga ndio unaoushambulia mwili wenyewe, na nyuzi zile zinaumia zikiwa katikati ya ugomvi. Jina likabadilishwa kidogo, kundi likabaki. Kwa hiyo tukisema Wachina waliweka pamoja vitu kwa kuviangalia kwa nje, tukumbuke kwamba Klemperer naye aliviweka pamoja kwa kuviangalia. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na lenzi, na waliomfuata walikuwa na maabara ya kumsahihisha.

Kusahihishwa ndiko kulikokosekana upande wa Wachina kwa karne nyingi, na mfano mzuri ni Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, karibu mwaka 200. Katika kitabu chake cha Jingui Yaolue kuna ugonjwa uitwao yin yang du, ambao mgonjwa wake ana uso mwekundu wenye mabaka kama hariri ya nakshi, koo linauma, anatema usaha na damu. Makala nyingi za Kichina za siku hizi zinadai kwamba hiyo ni lupasi, ati uso wenye mabaka ni ule upele wa umbo la kipepeo. Mimi siafiki. Sentensi inayofuata katika kitabu kile kile inasema: ndani ya siku tano anatibika, siku saba hatibiki. Lupasi haiendi kwa siku tano na saba. Ni ugonjwa wa miaka, unaowaka na kupoa, ukawaka tena. Alichokieleza Zhang kinafanana zaidi na homa kali ya kuambukiza. Kuchukua mstari mmoja unaopendeza na kuuacha ule unaokukanusha si uchambuzi.

Mahali pengine ndani ya kitabu hicho hicho Zhang anashangaza kweli. Kuna ugonjwa uitwao hu huo, wenye vidonda kooni na sehemu za siri, mgonjwa hapati usingizi, hataki chakula, na siku chache baadaye macho yake huwa mekundu kama ya hua. Vidonda vya kinywa, vya sehemu za siri na macho kuvimba, vitatu kwa pamoja, ndivyo Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Uturuki, alivyovitangaza kuwa ugonjwa mmoja mwaka 1937. Zhang alikuwa ameviunganisha karne 17 kabla yake. Siwezi kuapa kwamba ni ugonjwa ule ule, ila hapa maelezo yanakaa pamoja bila kulazimishwa.

Katika kliniki ya leo mambo hayaanzi na jina la ugonjwa. Daktari anashika kifundo cha mkono, anasikiliza mshipa kwa vidole vitatu, kila kidole na nafasi yake. Anatazama ulimi, rangi yake na utando ulio juu yake. Anauliza kuhusu usingizi, choo, jasho la usiku, kiu, hedhi, kama unahisi baridi au joto. Kutokana na hayo anatoa kile wanachokiita zheng, yaani picha ya hali ya mwili kwa wakati huo. Wanawake wawili wenye lupasi wanaweza kutoka na dawa mbili zisizofanana kabisa. Aliye na homa, upele uliowaka na ulimi mwekundu anaonekana kuwa na sumu ya joto iliyoingia kwenye damu. Aliyetulia lakini amechoka, mdomo umekauka, anatoka jasho usiku na ulimi wake hauna utando, huyo yin (upande wa ubaridi na unyevu wa mwili) ya figo na ini imepungua. Aliyevimba miguu, anayehisi baridi na uso wake umepauka, yang (upande wa joto na nguvu) ya wengu na figo ndiyo iliyoshuka. Kinyume chake, mgonjwa wa skleroderma mwenye vidole vya barafu anaweza kupewa mchanganyiko ule ule anaopewa mwanamke asiye na skleroderma kabisa ila mikono na miguu yake hupoa na mshipa wake ni mwembamba.

Kwa mgonjwa, utaratibu huu una thamani ambayo hospitali zetu zenye foleni mara nyingi hazimpi: mtu anamuuliza analalaje. Uchovu wa lupasi, ukavu wa macho na mdomo, mikono inayokufa ganzi asubuhi, hayo yote yana mahali pa kuandikwa. Na picha hizo si za kubuni ovyo. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Shanghai, kwa Shen Ziyin, aliyeanza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwachukua wagonjwa wa maradhi tofauti ambao wote walikuwa wameandikiwa kwamba yang ya figo imepungua, akapima mkojo wao, akakuta mabaki ya homoni za tezi zilizo juu ya figo yako chini kuliko kawaida. Magonjwa mbalimbali, picha moja ya Kichina, kipimo kimoja kinachoelekea upande mmoja.

Jambo hilo likapata kazi kwenye wodi za lupasi. Kotizoni, homoni ya tezi hizo hizo, ilikuwa imeingia duniani kama dawa mwaka 1948, Philip Hench alipoidunga kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Mayo Clinic, na miaka miwili baadaye akapewa Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Madaktari wa Kichina walipoanza kuitumia waliitazama kwa macho yao. Mgonjwa anayekula dozi kubwa ya predinisoloni, dawa ya jamii ya kotizoni, uso unakuwa mwekundu, anatoka jasho, halali, njaa haikatiki. Wakasema dawa hii ni ya moto na inachoma yin. Dozi ikipunguzwa, mtu huyo huyo anakuwa mchovu, anahisi baridi, hana nguvu. Wakasema sasa yang imeporomoka. Daktari wa homoni atakueleza kwamba tezi zimelala kwa sababu dawa ilizifanyia kazi yake kwa muda mrefu. Wanazungumza juu ya mtu mmoja. Kwa hiyo huko kwao predinisoloni na mizizi huandikwa kwenye karatasi moja, na mizizi hubadilishwa kadiri dozi inavyoshuka.

Ila pamoja na predinisoloni na mizizi, karatasi hiyo ina kitu cha tatu: kipimo cha mkojo.

Nataka kukaa hapa kidogo. Lupasi huingia kwenye figo za wagonjwa wengi, hadi karibu nusu yao katika maisha ya ugonjwa. Inapoanza kuingia, mgonjwa hahisi chochote. Hana maumivu ya kiuno, mkojo una rangi ile ile, miguu haijavimba. Mshipa wa mkono hausemi, ulimi hausemi. Kijiti cha kupima mkojo kikichovywa kinabadilika rangi kwa sababu protini inavuja, na kwa wakati huo figo bado inaokoleka. Ukingoja mpaka miguu ivimbe ndipo useme yang ya figo imeshuka, umesema kweli, lakini umechelewa. Tofauti hii ndiyo iliyobadilisha maisha ya watu: katikati ya miaka ya 1950, hata katika hospitali bora za Marekani, karibu nusu ya wagonjwa wa lupasi walikuwa wamefariki ndani ya miaka minne, leo walio wengi wanaopata matibabu huishi miongo. Haikuwa nadharia mpya iliyofanya hivyo. Ilikuwa ni kuona mapema, pamoja na dawa za kuituliza kinga.

Tukija kwenye dawa, hapo ndipo nina ugomvi na wale wauzaji wa "dawa asili, haina kemikali, haina madhara". Tiba ya Kichina yenyewe haijawahi kusema hivyo. Mchanganyiko maarufu wa Zhang Zhongjing kwa mgonjwa ambaye viungo vyote vinauma, mwili umekonda na miguu imevimba kana kwamba inataka kuchomoka, una vitu tisa, na kimoja ni mzizi wa akoniti. Usipoandaliwa na kuchemshwa vya kutosha, mzizi huo unasimamisha moyo. Mwandishi alijua kwamba anashika sumu, na walioufuata ufundi wake walirithi pia kanuni za kuitayarisha. Katika tisa hizo imo pia peoni nyeupe, ambayo viambato vyake vimesafishwa vikawa kidonge kilichosajiliwa China kwa baridi yabisi mwaka 1998. Ni dawa ya upole, kwa maumivu ya upole.

Dawa yenye nguvu kuliko zote katika eneo hili ni mmea utambaao uitwao lei gong teng, ambao jina lake linamtaja mungu wa radi. Wakulima wa kusini mwa China waliutumia kuulia wadudu shambani. Matumizi yake makubwa kwa baridi yabisi si ya kale. Yalikua hospitalini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, na baadaye ukatolewa kwa wagonjwa wa lupasi pia. Jambo hili huwa halisemwi: silaha kali kabisa ya "tiba ya jadi" katika magonjwa haya imetoka kwenye wodi za karne ya 20, haikutoka kwenye sura ya bi.

Na inafanya kazi. Mwaka 2009 Wamarekani walichapisha jaribio lililowashirikisha wagonjwa 121 wa baridi yabisi, likaonyesha kwamba dondoo la mzizi huo liliwapa nafuu wengi zaidi kuliko salfasalazini, dawa ya kawaida ya hospitali, ingawa wengi waliacha jaribio kabla halijaisha. Mwaka 2014 madaktari wa Beijing wakachapisha la wagonjwa 207 kwa wiki 24. Waliopata nafuu ya asilimia 50 au zaidi walikuwa asilimia 46.4 kwa waliotumia methotreksati, dawa nyingine ya hospitali, 55.1 kwa waliotumia lei gong teng, na 76.8 kwa waliotumia zote mbili. Udhaifu wa jaribio hilo ni kwamba kila mtu alijua anakunywa nini, na kwa ugonjwa ambao nusu ya kipimo chake ni mgonjwa kusema anajisikiaje, hilo si dogo.

Bei yake nayo ipo. Mmea huo unaweza kukatisha hedhi, unapunguza mbegu za kiume, unaweza kuumiza ini na figo. Sasa fikiria ni nani anayeugua lupasi. Kati ya wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, na wengi inawapata wakiwa katika umri wa kuzaa. Msichana wa miaka 22 anayeuziwa unga usio na maelezo kwamba ni mizizi tu, mama, haina tatizo, anaweza kuwa anauziwa ugumba.

Kisa cha Ubelgiji kinastahili kukumbukwa pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene ya Brussels iliweka mzizi uitwao fangji katika vidonge vyake. Fangji iliyokusudiwa ni mmea wa Stephania, uliotumika tangu zamani kuondoa unyevu kwenye bi. Iliyoingia kwenye vidonge ilikuwa fangji nyingine, ya jamii ya Aristolochia, yenye asidi inayoua figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na miaka iliyofuata wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Madaktari waliripoti janga hilo mwaka 1993. Mizizi miwili, jina moja sokoni. Mgonjwa wa lupasi, ambaye figo zake tayari ziko mashakani, ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kucheza bahati nasibu hiyo.

Kuna na la tatu, ambalo wafamasia wanalijua vizuri: vidonge vya "mitishamba" vya maumivu ya viungo ambavyo ndani yake mmefichwa deksamethasoni au predinisoloni, yaani steroidi, jamii ya kotizoni. Magoti yaliyouma miaka miwili yanapona kwa siku mbili, jirani anasimulia, wateja wanaongezeka. Kwa mgonjwa wa skleroderma steroidi za dozi kubwa zinaweza kuchochea shinikizo la damu kupanda ghafla na figo kufa ndani ya siku chache. Yeye hajui kwamba amekunywa steroidi. Daktari wake naye hajui.

Magonjwa ya tishu unganishi ya kurithi nitayapitia haraka, kwa sababu tiba ya Kichina yenyewe haina mengi ya kusema. Mtoto mrefu kupita kawaida, vidole vyembamba, viungo vinavyopinda sana, huyo wangesema kiini alichopewa na wazazi, kinachokaa kwenye figo, kilikuwa pungufu. Kwa namna yake ni kweli. Ugonjwa wa Marfan, ambao Mfaransa Antoine Marfan alielezea mtoto wa kwanza mwaka 1896, uligunduliwa mwaka 1991 kuwa unatokana na hitilafu ya jeni ya fibrilini, protini ya tishu unganishi. Lakini kinachomuua mgonjwa huyo ni mshipa mkuu wa damu unaotanuka mpaka unapasuka, na upana wake unapimwa kwa milimita kwa mashine ya ultrasaundi ya moyo. Hakuna ulimi utakaokupa milimita.

Wapo wanaotaka kuokoa nadharia nzima kupitia mlango wa tishu unganishi zenyewe. Helene Langevin, wakati huo mtafiti wa Vermont, Marekani, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba sindano ya akupancha ikizungushwa mwilini, nyuzi za kolajeni hujiviringisha juu yake, ndiyo maana tabibu huhisi imeshikwa. Yeye na mwenzake wakadai pia kwamba sehemu nyingi za kuchomea sindano mkononi zinaangukia kwenye mipaka ya tishu hizo kati ya misuli. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Ila inahusu sindano na utando wa misuli. Mtu akikuambia kwamba kwa kuwa akupancha inagusa tishu unganishi basi inatibu magonjwa ya tishu unganishi, amerukia kitu kingine kabisa: lupasi ni ugomvi wa kinga, haitulizwi kwa kuvuta nyuzi. Sindano inaweza kumpunguzia mtu maumivu, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuitumia.

Sisi tuna sababu mbili za kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Ya kwanza, lupasi huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wazungu, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Na uso mwekundu wa vitabu, uwe ule wanaoudai kwa Zhang au wa kitabu cha chuo, haujitokezi hivyo kwenye ngozi nyeusi. Upele juu ya pua na mashavu unaweza kuwa wa zambarau au mweusi kuliko ngozi ya jirani, ukadhaniwa ni madhara ya krimu au jua. Maelezo ya pande zote mbili yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na hapo mgonjwa wetu anakosa bahati mara mbili.

Ya pili, madaktari wa Kichina si wageni kwetu. Zanzibar imepokea timu zao kutoka jimbo la Jiangsu tangu 1964. Na dawa mseto tunayokunywa kwa malaria ina artemisinini, ambayo Tu Youyou aliipata baada ya kusoma maelekezo ya Ge Hong wa karne ya nne, ya kuloweka pakanga kwenye maji na kukamua, akapewa Nobel mwaka 2015. Angalia alichokifanya: alichukua mstari mmoja wa kitabu cha kale akaupeleka maabara, ukapimwa kwa panya, kwa nyani, kwa watu, akiwemo yeye mwenyewe. Nadharia ya kale ya homa haikwenda naye. Ulikwenda mmea.

Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, lina sura ya 26 yenye maradhi na picha za tiba za jadi zilizoanzia China. Shirika lilisisitiza kwamba sura hiyo ni ya kuhesabu, haithibitishi kwamba tiba hizo zinafanya kazi, na kwamba itumike pamoja na jina la kawaida la ugonjwa. Madaktari wengi wa hospitali za Kichina walikuwa wakiandika hivyo tayari: juu jina la ugonjwa na matokeo ya mkojo na damu, chini picha ya mwili, kisha dawa za aina zote mbili. Mfanyabiashara wetu aliyetibiwa huko, akarudi na faili la namna hiyo kutoka Guangzhou, China, amwonyeshe daktari wake kurasa zote, hata zile za mizizi, na kama kuna fangji, waulize kwanza ni ipi.